Mapumziko chini ya Mlima Rungwe: mwongozo wa kukaa kwenye hosteli ya mlimani

Watu wengi wanaokwenda Rungwe kupumzika hurudi wamechoka kuliko walivyoondoka. Asubuhi wamepanda Ngosi, mchana wamekimbilia Daraja la Mungu, kesho yake wameteremka Matema kuliona Ziwa Nyasa, na usiku huo huo wako kwenye basi. Wameona mengi, ila usingizi waliokuwa wanautafuta hawakuupata. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulala vizuri, kula vizuri, kutembea kidogo na kurudi kazini akiwa mwepesi. Ndiyo maana katika siku zote utakazokaa nakushauri upange matembezi makubwa mara moja tu. Muda uliobaki uache kwa hosteli na vijia vya kijijini.

KWA NINI HUKU

Tukuyu, mji mkuu wa wilaya ya Rungwe, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600. Juu yake umesimama Mlima Rungwe, volkano yenye urefu wa karibu mita 3,000, na pembeni yake kuna Kyejo, volkano iliyotoa mtiririko wa lava miaka kama 200 iliyopita. Kwa hiyo milima hii imelala tu, haijafa. Majivu na mawe yake yaliyooza ndiyo yaliyotengeneza udongo mweusi unaolisha chai, migomba, viazi na miparachichi unayoiona kila upande.

Mvua nayo ni ya aina yake. Upepo wenye unyevunyevu unapanda kutoka Ziwa Nyasa, unagonga milima na kumwaga maji. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifikishi hata 700. Ukielewa jambo hili umeelewa nusu ya maandalizi yako: baridi na unyevu vipo, na hosteli nzuri ni ile inayojua kupambana navyo.

Mwili unafaidika na hali hiyo hiyo. Aliyezoea joto la Dar es Salaam au Tanga hulala usingizi mzito hapa kuanzia usiku wa kwanza, mradi amefunikwa vya kutosha. Hewa ni safi, kelele ni chache, na mvua ya alasiri juu ya bati inamlazimisha hata mtu asiyejua kutulia atulie.

LINI UENDE

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayoipendekeza: mvua imepungua, njia zimekauka na kilele huonekana asubuhi. Juni na Julai ni kiangazi pia, lakini usiku baridi inauma. Kama una mtoto mchanga au mzee mwenye matatizo ya kifua, miezi hiyo iache. Machi na Aprili mvua ni kubwa na njia za msituni zinateleza vibaya. Hata hivyo, mtu anayetaka kusoma vitabu na kulala tu anaweza kwenda wakati huo, na atapata vyumba kwa urahisi.

Siku za wiki nazo zina maana yake. Fika Alhamisi, pumzika Ijumaa, fanya matembezi yako Jumamosi. Jumapili asubuhi karibu kila mtu yuko kanisani, na kumpata mwongozaji au usafiri wa kijijini ni kazi.

KUCHAGUA HOSTELI

Wamoraviani walianzisha misheni yao Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo kupokea wageni katika nyumba za kanisa ni jambo la kawaida katika eneo hili. Kwa anayetafuta utulivu, hosteli ya kanisa ni chaguo zuri: bei ni ya wastani, hakuna baa, na uwanja wake kwa kawaida una miti na nafasi ya kukaa. Ubaya wake ni kwamba geti hufungwa mapema na pombe hairuhusiwi. Kama hayo yanakusumbua, tafuta gesti binafsi.

Mahali ilipo ni muhimu kuliko uzuri wa jengo. Barabara kuu kutoka Uyole kwenda Kyela ndiyo njia ya malori ya Malawi, na malori hayo yanapanda milima kwa gia nzito usiku kucha. Gesti iliyo kando ya lami inaweza kuwa na vigae na televisheni, na bado ukakesha. Tafuta iliyoingia ndani, hata kama utalipa bodaboda ya ziada.

Piga simu kabla, usitegemee picha. Uliza haya:

1. Kutoka barabara kuu hadi kwenu ni umbali gani, na mvua ikinyesha gari dogo linafika?
2. Maji ya moto yanatoka kwenye heta, au mnachemsha na kuleta kwa ndoo?
3. Kitanda kina blanketi ngapi, na naweza kuongezewa?
4. Chumba ni cha peke yangu au ni kitanda katika chumba cha pamoja? Bafu liko ndani au nje?
5. Chakula mnapika? Niagize kabla ya saa ngapi?
6. Geti linafungwa saa ngapi?
7. Umeme ukikatika mnatumia nini?

Sikiliza jinsi unavyojibiwa. Simu ya kawaida huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nauliza chumba cha watu wawili, Alhamisi mpaka Jumapili. Maji ya moto yapo?"

"Yapo, tunachemsha kwa kuni huku jikoni. Ukitaka ya alfajiri, uniambie usiku nijaze sufuria kubwa."

Hosteli hiyo haina heta, lakini ina mtu anayejua kazi yake, na hapo nakushauri uende. Jihadhari zaidi na anayejibu "kila kitu kipo" kwa maswali yote saba.

Onyo kuhusu malipo. Ukiombwa malipo ya awali kwa simu, tuma kiasi kidogo tu, na kabla ya kuthibitisha soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama silo la hosteli wala la mtu uliyeongea naye, acha kwanza, upige tena.

VYA KUBEBA

☐ Sweta nzito moja na koti la mvua (mwavuli pekee hautoshi, upepo unaugeuza)
☐ Soksi nzito, jozi ya ziada kwa ajili ya kulalia tu
☐ Viatu vyenye meno chini, au gambuti kama unakwenda wakati wa mvua
☐ Kofia ya sufu, hasa kwa mtoto
☐ Tochi na chaji ya akiba ya simu
☐ Taulo lako na kandambili
☐ Dawa zako za kila siku, za kutosha na siku mbili za ziada
☐ Kitambulisho, kwa sababu utaandikishwa kwenye kitabu cha wageni
☐ Fedha taslimu za noti ndogo, kwani vijijini wakala anaweza kukosa salio
☐ Mfuko usiopitisha maji wa kuwekea simu, dawa na nguo za kulalia

Kipengele cha mwisho ndicho watu wanachokipuuza. Nguo ikilowa Rungwe wakati wa mvua, haikauki kesho yake. Inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili na bado ukaikuta na ubichi kwenye mishono.

SIKU YA KUFIKA

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Usilazimishe kufika mlimani siku hiyo hiyo, lala Mbeya. Hata ukija kwa ndege ukashukia uwanja wa Songwe, jipe nusu siku. Asubuhi panda kosta za Tukuyu au Kyela. Kama unatokea njia ya Iringa na hutaki kuingia mjini, shuka Uyole, maana ndipo barabara inapokata kuelekea kusini. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita kama 70. Kaa dirishani, na sweta iwe mkononi badala ya kwenye buti, kwa sababu baridi inaanza njiani.

Ukifika, fuata utaratibu huu:

1. Salimia kwanza. Kwa Kinyakyusa, lugha ya wenyeji, "ugonile" kwa mtu mmoja inatosha kukufungulia mlango, na ukipewa kitu sema "ndaga". Kwa mtu mzima, shikamoo haijawahi kumkosea mtu heshima.
2. Kabla ya kufungua begi, kagua kitanda. Vua shuka upande mmoja, bonyeza godoro kwa kiganja na uhesabu hadi kumi. Kiganja kikitoka na ubaridi wa majimaji, godoro limevuta unyevu, na ukililalia utaamka na mgongo unaouma. Omba libadilishwe au upewe chumba kingine mapema, kabla wageni wengine hawajafika.
3. Fungua dirisha nusu saa, kisha lifunge kabla ya saa kumi na mbili jioni, ukungu ukianza kushuka.
4. Agiza chakula cha kesho. Kuku wa kienyeji hapatikani kwa dakika ishirini: anakamatwa, anachinjwa, anachemshwa. Ukiagiza asubuhi utamla mchana, ukiagiza saa saba utamla usiku.
5. Lala mapema. Usipange kitu kingine chochote.

‼ USIINGIZE JIKO LA MKAA CHUMBANI

Baridi ikizidi, kuna mgeni ataomba jiko la mkaa aliweke karibu na kitanda, na mhudumu mwenye huruma anaweza kumpa. Kataa, hata kama mkaa umeshashika na hautoi moshi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Omba blanketi la pili, jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa na uiweke miguuni. Mtu akiamka katika chumba chenye jiko na kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu au kizunguzungu, mtoeni nje mara moja na apelekwe hospitali.

SIKU YA KUKAA

Siku hii ndiyo kiini cha safari, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa watu wa mjini. Ikifika saa nne asubuhi utaanza kujiona unapoteza muda. Vumilia, hali hiyo hupita.

Tembea asubuhi kabla ya mvua, saa moja au moja na nusu, kwenye vijia vya katikati ya mashamba ya chai na migomba. Nenda polepole kuliko ulivyozoea. Fuata njia inayotumiwa na watu, usikate katikati ya shamba, na ukitaka kumpiga picha mchuma chai, mwombe kwanza. Yuko kazini, analipwa kwa kilo, na kumsimamisha ni kumpunguzia ujira. Ukikuta watu wamesimama kwa heshima kando ya njia na nyimbo zinasikika, huenda kuna msiba. Simama nao hadi msafara upite.

Mchana kaa karibu na jiko. Hosteli nyingi za kijijini bado zinapika kwa kuni, na jiko hilo ndiyo sebule halisi. Omba kumenya ndizi au kuchambua maharage, na utasikia habari nyingi za eneo hili kuliko mwongozaji yeyote atakavyokueleza. Kula vya hapa: ndizi za kupika zilizoungwa kwa maziwa au karanga, magimbi, maharage, parachichi lililoiva juu ya meza. Wali ukipikwa, uliza kama mchele ni wa Kyela, unaolimwa tambarare huko chini karibu na ziwa. Harufu yake itakujibu kabla ya mpishi.

Alasiri mvua ikija, lala. Simu iache chumbani.

MATEMBEZI YAKO YA MARA MOJA

Chagua moja kati ya haya kulingana na miguu yako.

Daraja la Mungu ni rahisi kuliko yote. Lava ya kale iliganda juu ya Mto Kiwira, maji yakatoboa njia chini yake, na daraja la mwamba likabaki. Liko jirani na Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo uwe na kitambulisho, ripoti getini, na usipige picha majengo wala askari. Usisogee ukingoni wakati mwamba umelowa.

Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, linafaa familia. Ni ziwa la kreta kusini-mashariki mwa Tukuyu, na chakula cha kubeba kinaweza kuliwa pale pale chini ya miti.

Ngosi ni kwa wenye pumzi. Ukingo wa kreta uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili, limezungukwa na kuta za msitu. Ukitaka kwenda:

1. Mtafute mwongozaji siku moja kabla, kupitia hosteli. Kubalianeni bei, na kama inahusisha bodaboda kutoka barabara kuu hadi mwanzo wa msitu.
2. Lipa ada ya kuingia mahali panapotambulika na udai risiti.
3. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mara nyingi ukungu hupanda kabla ya adhuhuri, na ukichelewa utasimama ukingoni usione maji.
4. Panda kwa hatua fupi kwenye msitu wa mianzi na migomba pori. Mizizi inateleza kuliko udongo, kwa hiyo kanyaga katikati yake.
5. Ukifika ukingoni, kaa. Kula, tazama, usipige kelele. Wenyeji wengi wanaliheshimu ziwa hili na kulihusisha na mizimu na tiba. Kutupa mawe au takataka huko ni kuwatukana.
6. Usiteremke majini. Njia ya chini ni ya wima, ya kushika mizizi, na kupanda tena kutakumalizia mapumziko yote uliyokusanya.

Kilele cha Rungwe chenyewe sikipendekezi katika safari ya kupumzika. Ni siku nzima ya kazi nzito ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, na unahitaji kibali pamoja na mwongozaji kutoka ofisi ya hifadhi. Msitu huo ni sehemu ya moja ya maeneo mawili tu duniani anapopatikana kipunji, tumbili aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 huku wawindaji wa Kinyakyusa wakimjua muda mrefu. Eneo hilo linajumuisha pia milima ya Livingstone iliyoungana na Rungwe, na la pili ni msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Mheshimu tumbili huyo kwa kutobeba chakula cha kumtupia na kwa kutonunua nyama ya porini hata ukiuziwa kwa siri.

VOLKANO ILIYOLALA INAHITAJI TAHADHARI GANI?

Huna haja ya kuogopa mlipuko katika siku zako chache. Lakini ardhi ya huku inapumua, na mambo mawili yanastahili kujulikana.

La kwanza ni gesi. Katika baadhi ya mabonde na chemchemi za Rungwe, kaboni dayoksaidi hutoka ardhini, na sehemu nyingine huvunwa kibiashara. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa alfajiri isiyo na upepo. Wasemaji wa Kiswahili wa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, huita mahali pa namna hiyo mazuku, na huwafundisha watoto wasiingie. Fanya vivyo hivyo: ukiona shimo au bonde dogo lenye wadudu, ndege au wanyama waliokufa bila sababu, au maji baridi yanayotoa mapovu, usiiname kuchungulia, na usimkalishe mtoto chini. Mtu akianguka ndani, usimfuate kichwa kichwa. Waokoaji wengi hufia hapo hapo.

La pili ni mitetemeko. Rungwe iko kwenye makutano ya matawi ya Bonde la Ufa, na mtikisiko mdogo unaweza kutokea. Ukiwa ndani, jikinge chini ya meza imara na mbali na dirisha. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nguzo za umeme. Kwenye mteremko mkali, angalia juu kwanza, kwa kuwa mawe na udongo uliolowa vinaweza kushuka.

MAKOSA YANAYOHARIBU SAFARI

• Kwenda watu wanane wenye matakwa manane. Watu wawili hadi wanne wanatosha, na wakubaliane kabla kwamba siku ya kukaa ni ya kukaa.
• Kubeba kazi ya ofisini kwa kisingizio cha "nitaimaliza jioni". Mtandao unaweza kusumbua, na jioni yote itaisha ukinyanyua simu juu kutafuta mnara.
• Kuacha chandarua kwa sababu ya baridi. Malaria haijaisha milimani, na ukiteremka Matema au Kyela hatari inaongezeka sana.
• Kuoga maji ya moto usiku wa manane na kutoka nje na kichwa kilicholowa.
• Kubishana bei na kijana wa bodaboda baada ya kufika. Bei huzungumzwa kabla ya kupanda.

KUONDOKA

Lipa deni lako usiku kabla ya kulala, kwa sababu asubuhi mwenye ufunguo wa droo anaweza kuwa ibadani. Mwachie kitu kidogo aliyekuchemshia maji, mkononi mwake mwenyewe. Mwulize yeye pia kosta ya kwanza inapita saa ngapi: anajua kuliko stendi.

Parachichi za kupeleka nyumbani nunua zile ngumu zenye kikonyo, uzifunge kwa magazeti ndani ya kapu na uzibebe miguuni pako, zisilaliwe na mizigo ya wengine. Zikianza kulainika ziwe za kula njiani, na zilizobaki zitaiva nyumbani ndani ya siku nne au tano.